Fomu Inapouliza Kabila

Oktoba 2016 msafara wa Wamakonde uliondoka Kwale, pwani ya Kenya, ukashika njia ya Nairobi kwa miguu. Wengi walikuwa wana na wajukuu wa vibarua waliovuka kutoka Msumbiji miaka ya 1930 na 1940 kufuata kazi za mashamba ya mkonge. Walizaliwa Kenya, wakaoana na kuzikana Kenya, lakini hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki, hapigi kura, na askari akimsimamisha njiani hana cha kumwonyesha. Ombi walilompelekea Rais Uhuru Kenyatta lingemshangaza Mtanzania: waliomba kuwa kabila. Wakakubaliwa. Mwanzoni mwa 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya na vitambulisho vikaanza kutolewa. Julai mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Bara Hindi wakawa kabila la 44. Baadaye zamu ikawa ya Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe, na mwaka 2023 ya Wapemba wa Kilifi na Kwale.

Wamakonde wa Newala na Tandahimba, upande wetu, hawajawahi kudai kitu kama hicho, na hata wangetaka hawana pa kukidai. Baada ya sensa ya 1967 karani wa Tanzania haulizi tena kabila wala dini. Sensa ya 2022 ilituhesabu tukafika 61,741,120, ikauliza habari za choo, kuni, maji na umeme. Ni Wamakonde wangapi, Wahaya wangapi, Waburunge wangapi, haikuuliza.

Ukilitazama eneo letu kwa jumla, utaona kwamba kila nchi imelijibu swali hili kwa namna yake. Kenya huhesabu makabila na kutangaza. Tanzania haihesabu. Rwanda imeyafuta majina yenyewe katika maisha ya serikali. Burundi imeandika mgawanyo wa vyeo kwa asilimia ndani ya katiba. Uganda ina orodha ya jamii za asili katika jedwali la katiba, na uraia wa kuzaliwa unaifuata orodha hiyo. Watanzania tumezoea kuitazama orodha hii kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani. Nadhani fahari hiyo inastahili nusu tu. Kuhesabu au kutohesabu ni jambo dogo kuliko linavyoonekana. Linaloamua kama watu wa mila mbalimbali watakaa pamoja kwa haki ni kile kinachoning'inizwa kwenye jibu: ardhi, kitambulisho, urithi, lugha ya darasani. Na huko ndiko ukimya wetu ulikoacha hesabu nyingi bila kufungwa.

Tuanze na kilichofaulu, maana si kidogo. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na ndani ya mipaka yake zimo lugha za makundi yote makubwa yaliyozoeleka kutajwa barani Afrika: Kibantu, Kiniloti kama Kimaasai na Kidatoga, Kikushi kama Kiiraqw, na lugha za vidoko kama Kihadza na Kisandawe. Wasukuma ndio wengi kuliko wote, lakini hata wao ni sehemu moja tu kati ya kama sita za watu. Hakuna kabila linaloweza kutawala peke yake wala kukaribia. Jiografia nayo ilisaidia. Kahawa na shule za misheni, vitu viwili vilivyotajirisha na kusomesha mapema, vilikaa pembezoni na mbalimbali: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Aliyesoma alilazimika kwenda mbali na kwao ili apate kazi, na mji mkuu wa enzi hizo, Dar es Salaam, ulikuwa katika ardhi ya Wazaramo, ambao hawakuwa matajiri wa kahawa wala wengi wa kutisha.

Wakoloni pia hawakututendea sawa na Wakenya. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na TANU, iliyozaliwa 1954, iliruhusiwa kuenea nchi nzima. Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa, vyama vya Waafrika vya nchi nzima vilipigwa marufuku, na kuanzia 1955 serikali ya kikoloni ikaruhusu vyama vya wilaya tu. Wilaya zilikuwa zimechorwa kwa kabila. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wanasiasa wa Kenya kilijifunza siasa ndani ya uzio wa kabila kwa amri ya gavana, kisha baada ya uhuru kikalaumiwa kwa kutojua kuuruka. Anayesema Wakenya "wana ukabila" na Watanzania "hawana", kana kwamba ni tabia ya damu, hana budi kulikumbuka hilo.

Juu ya bahati hiyo zikaja sera. Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu, ingawa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa katika baraza la kwanza la mawaziri na Nyerere mwenyewe alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Shule za misheni zilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana wa Tarime alipelekwa bweni Songea, wa Songea akapelekwa Tabora. Mtumishi wa serikali alihamishwa kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine hadi watoto wake wakawa na lafudhi tatu. Jeshi la Kujenga Taifa likawachanganya wale ambao shule haikuwachanganya. Kiswahili, ambacho misafara ya biashara ilishakifikisha Ujiji na kwingineko kabla ya Mjerumani, kikawa lugha ya chama, bunge na shule ya msingi. Vyama vingi viliporudi 1992, Katiba ilikuwa na sharti, lipo hadi leo katika ibara ya 20, kwamba chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini, kabila au eneo fulani hakisajiliwi.

Na palikuwa na utani, ambao haukutungwa na serikali yoyote. Wangoni na Wahehe, waliouana vitani karne ya 19, waliugeuza uadui wao kuwa matusi ya ruhusa. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana kwa sababu ya njia ya misafara iliyowakutanisha. Mpare na Mchaga wanataniana hadi msibani, ambako mtani anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Utani hauondoi tofauti. Huitaja hadharani, tena kwa ukali, na unaweka kanuni kwamba atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Ukiuweka kando ya sera ya ukimya, utaona ni falsafa mbili zinazopingana: moja inasema tusitaje, nyingine inasema tutaje mpaka tuchoke. Naamini hiyo ya pili imefanya kazi kubwa kuliko inavyopewa sifa.

Ila ukimya wa serikali haukuwa kamili hata siku moja. Mtu ambaye karani wa sensa hakumuuliza kabila, akikamatwa kwa wizi wa kuku ataulizwa. Maelezo ya polisi na kumbukumbu za mahakama zetu, kwa mazoea yaliyorithiwa kutoka ukoloni, huandika jina, umri, kabila, kazi, dini. Shahidi anatambulishwa: miaka 45, Mgogo, mkulima, Mkristo. Taifa ambalo halitaki kujua una kabila gani linapogawa madarasa na zahanati, linataka kujua unapopanda kizimbani. Sijawahi kusikia hoja ya maana inayotetea mpangilio huo.

Kisha kuna ngoma. Ngoma tunazikubali zote. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kimejenga nyumba za asili za makabila, Bujora kuna tamasha la ngoma la Bulabo, na Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan huko Mwanza wakampa jina la Chifu Hangaya. Miaka 58 baada ya kufutwa, machifu wakawa wamerudi jukwaani wakiwa na migolole na mikuki, bila mahakama, bila kodi, bila ardhi. Hiyo ndiyo tafsiri ya utamaduni ambayo dola yetu inaipenda: kitu cha kuchezwa, kuvaliwa na kupigwa picha. Utamaduni ukija na dai mkononi, sura ya mwenyeji hubadilika.

Na hata mavazi hayakusalimika siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwapo operesheni ya kuwavalisha Wamaasai wa Arusha "mavazi ya heshima". Mwenye lubega na mwili uliopakwa ngeu alionekana ni aibu kwa taifa linalotaka kuendelea. Leo lubega hiyohiyo iko kwenye mabango ya utalii. Kilichobadilika ni thamani ya Mmaasai katika biashara, si sauti yake katika mambo ya ardhi.

Ardhi ndiyo inayofichua. Wadatoga wa Barabaig huko Hanang walipoteza malisho yao bora, kiasi cha ekari laki moja, kwa mashamba ya ngano ya Shirika la Kilimo na Chakula yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Walikwenda mahakamani na kijiji cha Mulbadaw kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza ushindi huo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Ndipo mtu anapobaki ameduwaa. Nchi iliyoamua kutouliza asili ya mtu iliwakuta wafugaji ambao makaburi ya wazee wao yalikuwa ndani ya shamba la ngano, ikawauliza asili, na ikawanyima haki kwa kukosa ushahidi wake.

Ngorongoro ni sura nyingine ya jambo lilelile. Wamaasai waliondolewa Serengeti na mwaka 1959 eneo la hifadhi ya Ngorongoro likaundwa kwa ahadi kwamba humo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Serikali inasema idadi ya watu na mifugo imepita uwezo wa ardhi, na hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini 2022, kaya zilipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni, na huko Loliondo kilomita za mraba 1,500 zilipowekewa mipaka katikati ya vurugu zilizoua askari polisi na kujeruhi wanavijiji, mjadala wa nchi uliendeshwa kwa lugha ya mifugo, mazingira na mapato. Swali la jamii moja kuhamishwa kutoka mahali ilipojengea ibada, ukoo na uchumi wake lilikosa hata jina la kuitwa. Tumejizuia kusema "kabila" kwa muda mrefu hivi kwamba tatizo lenye sura ya kabila likitokea tunaliona kama suala la ng'ombe.

Ukiziba mdomo mmoja, manung'uniko hutafuta mwingine. Mei 2013 Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Hakuna aliyesema Wamakonde au Wamakua. Walisema "watu wa kusini", na walikuwa na orodha ndefu ya ahadi zisizotimizwa. Dini nayo imeingia pale kabila lilipotolewa. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliwahimiza waumini waigomee sensa kwa sababu haikuuliza dini, kwa hoja kwamba bila takwimu kila mtu anataja asilimia anayoipenda. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa buchani ulimuua mchungaji. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida kwamba Mwislamu ndiye anayechinja ili wote wale. Hapakuwa na sheria, palikuwa na mazoea. Mazoea ni kitu kizuri mpaka siku mtu anapouliza yaliandikwa wapi.

Sasa Kenya. Tukubaliane kwanza kwamba kuhesabu huko si ukabila mtupu. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi yaliyoua zaidi ya watu 1,100, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sharti hilo haliwezi kupimwa kwa macho. Tume iliyoundwa na sheria hiyo imekagua wizara, vyuo vikuu na mashirika, ikachapisha majedwali, na Mkenya akilalamika kwamba shirika fulani limejaa watu wa mlima au watu wa ziwa, anaweza kuonyesha namba. Mtanzania akiwa na shaka hiyohiyo kuhusu ofisi fulani hubaki na minong'ono ya kwenye daladala, na minong'ono haina ukurasa wa kukanushwa.

Gharama yake ni kwamba namba ikishakuwa na thamani, watu huipigania. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotoka, serikali ilifuta takwimu za wilaya nane za kaskazini kwa maelezo kwamba ongezeko la watu lililoripotiwa huko lilikuwa haliaminiki. Nyingi zilikuwa wilaya za Wasomali. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki kadhaa ikibishana kama fedha za kaunti zifuate idadi ya watu, kwa kaulimbiu ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", na maseneta wa kaskazini na pwani wakiona wazi nani angelipa. Kabla ya kila uchaguzi wachambuzi hukaa televisheni wakijumlisha Wakikuyu milioni 8.1, Waluhya 6.8, Wakalenjin 6.4 na Waluo 5.1 wa sensa ya 2019, kana kwamba kila tumbo la mama hujifungua kura.

Tena makabila yenyewe yanayohesabiwa si ya kale kama yanavyodaiwa. Jina la Wakalenjin lilishika katika miaka ya 1940, likawaweka pamoja Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wengine waliotaka sauti moja mbele ya wakubwa zaidi yao. Wamijikenda walikuwa tisa kabla ya kuwa mmoja, Waluhya vilevile waliungana kwa hesabu za karne ya 20. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Watu huungana wanapoona faida. Lakini linamnyima haki yule anayesema serikali inaandika tu kile ilichokikuta. Sanduku la kabila kwenye fomu hukuza kabila, sawa na lile la hadhi ya ndoa linavyomlazimisha mtu aliyeishi na mwenzake miaka kumi bila mahari aamue yeye ni nani. Wamakonde wa Kwale walilielewa jambo hili kuliko wanazuoni: pasipo namba 43 hawakuwa watu mbele ya afisa, na walipoipata wakawa watu.

Wengine walisubiri zaidi. Wanubi wa Kibra, jijini Nairobi, walikaa Kenya zaidi ya karne nzima wakisubiri utambuzi wa ardhi. Hati ya jamii ilitoka 2017. Vijana wa Kisomali na Kinubi, tofauti na wenzao wa Nyeri au Kisii, walilazimika kupita mbele ya kamati za wazee na maafisa ili kupata kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa kaskazini kwamba uchujaji huo wa ziada umekwisha. Kwa hiyo swali lilelile la kabila linamfungulia mmoja mlango na kumwekea mwingine foleni. Uganda inaonyesha hatari hiyo kwa maandishi: jedwali la Katiba ya 1995 lilitaja jamii 56, likaongezwa 2005 hadi 65, na msingi wake ni kuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii iliyosahauliwa na mwandishi wa jedwali, kama Wamaragoli wa huko, inabaki kutafuta uraia wa nchi iliyowazaa.

Rwanda na Burundi zinastahili kusomwa pamoja, kwa sababu zilirithi jeraha moja zikalitibu kwa dawa zinazopingana. Wabelgiji ndio waliopachika neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930, na mwaka 1994 kitambulisho hichohicho kilisomwa vizuizini na waliokuwa na mapanga. Baada ya hapo serikali kuliondoa neno hilo lilikuwa jambo lisilohitaji kutetewa. Lakini Watwa, ambao wengi wao ni maskini kuliko majirani zao, wanahitaji msaada unaowalenga, na serikali isiyoweza kuwataja imebuni namna ya kuzunguka: wanaitwa watu walioachwa nyuma na historia. Kila mtu anajua ni nani.

Burundi ilifuata njia ya mezani. Mazungumzo yalianza chini ya Mwalimu Nyerere, yakamaliziwa na Nelson Mandela baada ya kifo cha Mwalimu, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 2000. Katiba ya 2005 iliutafsiri: Bunge na serikali Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Seneti nusu kwa nusu, jeshi lisizidi nusu kwa upande wowote, Watwa watatu katika kila bunge. Siasa ikapoa upande huo kwa kiasi ambacho wengi hawakukitarajia. Mgogoro wa 2015 kuhusu muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza ulipasua zaidi kwa vyama kuliko kwa kabila. Lakini hesabu ina tabia ya kutoka nje ya mlango iliyoingilia. Mwaka 2018 serikali iliyasimamisha mashirika ya misaada ya kigeni, ikataka yaonyeshe kwamba wafanyakazi wao wazalendo wanafuata mgawo huohuo. Handicap International iliona ni afadhali kufunga kazi kuliko kumuandika mfanyakazi wake kabila. Katiba mpya ya mwaka huohuo iliipa Seneti miaka mitano ya kutathmini kama mgawo huo uendelee au uishe. Inaelekea ni rahisi zaidi kuanza kuhesabu kuliko kuacha. Inachekesha kidogo pia kwamba mkataba huu wa asilimia uliandaliwa katika nchi, na kwa sehemu na mtu, ambaye kwake alifuta swali la kabila kabisa. Mwalimu hakuwa na fomula moja kwa watu wote. Warithi wake ndio tuliofanya ukimya kuwa dini.

Kuna mahali pamoja ambapo ukimya wa Tanzania unageuka kuwa kelele, nako ni katika sheria ya familia. Mwaka uleule wa 1963 machifu walipofutwa, serikali ilichapisha amri ya sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Yaani mkono mmoja ulimwondoa chifu aliyeweza kuibadilisha mila kwa mashauriano na wazee, na mkono mwingine ukaigandisha mila ile kwenye karatasi ya serikali. Kwa mujibu wa amri hiyo mjane hana fungu katika mali ya mumewe.

Wanawake ndio waliokwenda kuuliza. Holaria Pastory, Mhaya, alirithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza 1988. Mpwa wake akashtaki kwamba kwa mila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisema mila hiyo inapingana na Katiba, akampa mwanamke haki sawa ya kuuza. Wajane wawili wa Kisukuma hawakubahatika hivyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni za urithi zilizowafukuza majumbani mwao ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta, ikionya kwamba ikilifungua kasha hilo mila za makabila yetu zaidi ya 120 zitafuata njia hiyohiyo. Rufaa ikaanguka kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake ikaona kwamba Tanzania imewanyima haki. Angalia nani aliyeyahesabu makabila hapo: mahakama, na iliyahesabu ili ieleze kwa nini haiwezi kumsaidia mjane.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisifiwa, kwa haki, kwa kuleta ndoa za Kikristo, Kiislamu, Kihindu, kimila na kiserikali chini ya paa moja. Bei ya mapatano hayo ilikuwa binti kuruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani akashinda 2016. Serikali ilikata rufaa ikijitetea, pamoja na mengine, kwamba vifungu vile vilizingatia mila na imani za jamii mbalimbali. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo 2019. Nalitaja kwa sababu tumezoea kusikia kwamba serikali kuu ni mlinzi wa haki na mila ndiyo mkosaji. Hapa serikali ndiyo iliyokuwa wakili wa mila, tena mila ambayo wasichana wenyewe hawakushauriwa juu yake.

Kadhi ni mfano wa upande wa pili. Zanzibar ina mahakama za kadhi, Kenya inazo ndani ya Katiba ya 2010 baada ya kampeni kali ya makanisa dhidi yake. Kwa Tanzania Bara, CCM iliweka suala hilo kwenye ilani ya 2005, likapelekwa huku na huko, likaondolewa bungeni 2015. Sina uhakika kama jibu sahihi lilikuwa ndiyo. Ila kuahidi, kunyamaza, kisha kushangaa kwamba watu wamekasirika, hiyo si sera ya umoja.

Lugha ziseme kwa kifupi. Kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, na ukikumbuka kwamba mtangazaji wa redio ya Kass FM alifikishwa mahakama ya kimataifa ya jinai huko The Hague kwa tuhuma za kuchochea machafuko ya Kenya kwa Kikalenjin, unaielewa hofu. Kesi hiyo ilisitishwa 2016. Lakini ni redio hizohizo za lugha za nyumbani zinazomfikia bibi wa kijijini na bei ya maziwa na habari za chanjo. Na darasani, mtoto wa Kihadza au wa Kidatoga anakutana na Kiswahili siku ya kwanza kama mtoto wa Temeke anavyokutana na Kiingereza sekondari, tofauti ni kwamba wa Temeke ana watetezi magazetini kila mwaka.

Wahadzabe wenyewe, watu kama elfu moja na kidogo kuzunguka Ziwa Eyasi, ndio waliopata kitu ambacho sera zote mbili, ya kuhesabu na ya kunyamaza, hazikukipanga. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hati haikuwahitaji wawe kabila namba fulani, haikuhitaji jedwali la katiba wala mgawo wa asilimia. Ilihitaji mpaka wa ardhi, kikao cha kijiji, majirani wafugaji waliokubali kutia saini, na mashirika yaliyokuwa tayari kupima. Njia hiyohiyo imeanza kutumiwa na vijiji vya wafugaji kaskazini kuhifadhi nyanda za malisho. Ni njia nyembamba: inategemea kijiji kilichosajiliwa, na kijiji hicho kinaweza kufutwa kwa tangazo la serikali mara eneo likihitajika kwa hifadhi au mradi.